Je, wajua breki za haibridi huanza kuugua kabla taa haijawaka?

Je, wajua kwamba gari la haibridi, lenye injini ya petroli na mota ya umeme, linaweza kutembea zaidi ya kilomita 100,000 kwa pedi zilezile za breki lilizotoka nazo kiwandani? Pedi zake ni za kawaida tu, ila muda mwingi hazina kazi. Dereva akikanyaga breki, umeme ndio unaotangulia kulipunguza gari mwendo, pedi zinafuata baadaye. Kwa hiyo gari hili likishazeeka linaweza kukaa muda mrefu na breki mbovu bila mwenyewe kujua, mpaka siku litakapofika mahali panapozidai breki zote kwa mpigo.

Kwa anayesafiri kutoka Singida kwenda Nzega, mahali hapo ni mlima Sekenke. Barabara inatoka nyanda za juu za Iramba, inapita Misigiri, kisha inateremka kwa kona hadi Shelui, mji mdogo ulio chini ya mlima, pale inapoanza mbuga ya Wembere kuelekea Igunga. Malori yaendayo Mwanza, Rwanda na Burundi hushuka hapa kwa gia nzito, taratibu, kwa sababu dereva wa lori anajua kuwa breki ikishika moto katikati ya mteremko hakuna pa kuipoozea. Siku hizi kati ya malori hayo hupita pia Toyota Prius, Aqua, Harrier na Crown za haibridi, magari yaliyokwisha kutumika miaka mingi Japani kabla ya kushushwa bandarini Dar es Salaam. Dereva wa gari kama hilo mara nyingi amezoea magari ya kawaida, na anaushuka mlima kwa mazoea hayo.

Pedali moja, breki mbili

Prius iliingia sokoni Japani Desemba 1997, ikawa gari la kwanza la haibridi kuundwa kwa wingi. Toleo la pili lilitoka 2003 na la tatu 2009. Katika yote hayo, mota ya umeme inayozungusha magurudumu hugeuka jenereta mara dereva anapoachia eksileta au kukanyaga breki. Nguvu ya mwendo ambayo gari la kawaida huipoteza kwa joto la diski, hapa inageuzwa umeme na kurudishwa kwenye betri kubwa. Kompyuta inapima mguu umekanyaga kwa nguvu kiasi gani, kisha inagawa kazi: sehemu hii ifanywe na mota, sehemu ile ifanywe na pedi. Mwendo ukishuka karibu na kilomita 10 kwa saa, mota haina tena nguvu ya kushika, na pedi ndizo zinazomalizia kulisimamisha gari.

Mgawanyo huo umeleta jambo ambalo mafundi wengi wa zamani hawakulizoea. Katika Prius ya 2003, kwa mfano, mfumo ukiwa hauna kasoro, mguu wa dereva hausukumi mafuta ya breki moja kwa moja hadi magurudumuni. Unasukuma kifaa chenye springi kinachoupa mguu ukinzani, vihisio vinapeleka taarifa kwenye kompyuta, na kompyuta ndiyo inayofungua vali ili presha iende kwenye kalipa zinazobana pedi. Kwa maneno mengine, ugumu ule unaousikia mguuni umetengenezwa. Dereva wa Land Cruiser ya zamani anajua breki zake kwa wayo: pedali ikilegea, kuna upepo, ikizama, kuna mafuta yanavuja. Kwenye haibridi ya aina hii wayo haupewi habari hizo zote. Inabidi utumie masikio na macho.

Presha yenyewe inatoka kwenye pampu ya umeme, na inahifadhiwa ndani ya akumuleta, chombo cha chuma chenye gesi ya naitrojeni iliyobanwa. Kazi ya akumuleta ni ileile ya tangi la maji lililoinuliwa juu ya mnara: bomba likifunguliwa maji yanakuja papo hapo, na pampu inafanya kazi ya kujazia tu. Tangi likitoboka, pampu haipumziki.

Watengenezaji wenyewe wameonja ugumu wa mfumo huu. Februari 2010 Toyota iliita zaidi ya magari 400,000 ya haibridi duniani, yakiwamo Prius ya toleo la tatu, ili kurekebisha programu ya breki. Madereva walilalamika kwamba wakikanyaga breki taratibu kwenye barabara ya mashimo au yenye utelezi, gari lilionekana kuponyoka kwa kitambo kabla ya kushika tena. Ilikuwa ule wakati wa makabidhiano: gurudumu likiruka, mota inaachia na pedi zinapokea, na makabidhiano yalichelewa kidogo. Juni 2013 ikaja zamu ya akumuleta. Magari yapatayo 242,000 yaliitwa kwa sababu gesi ya naitrojeni ingeweza kuvuja na kuingia kwenye mafuta ya breki. Anayeshuka Sekenke na kuingia Shelui, ambako mwendo kwenye makazi hauruhusiwi kuzidi kilomita 50 kwa saa, atakutana na matuta na zile rasta za mfululizo. Hapo ndipo atakapoielewa hadithi ya 2010 kwa mwili wake mwenyewe.

Hesabu ya mlima

Betri kubwa ya Prius ya toleo la pili na la tatu ina uwezo wa kama kilowati-saa 1.3. Kompyuta hairuhusu itumike yote. Ili betri idumu, inachezeshwa takriban kati ya asilimia 40 na 80, kwa hiyo nafasi halisi ya kupokea umeme ni kama nusu ya kilowati-saa, tena kama ilikuwa imeshuka hadi chini kabisa.

Sasa chukua gari lenye watu wanne na mizigo yao, uzito wa jumla kilo 1,600. Kila linaposhuka mita 100 za wima, mlima unalikabidhi nguvu ya karibu kilowati-saa 0.44. Toa inayopotea kwa upepo, kwa matairi na katika kuugeuza mwendo kuwa umeme. Hata ukitoa nusu, mita 200 za kushuka zinakaribia kuijaza nafasi yote. Na kwa kuwa betri haianzi mlima ikiwa tupu, hujaa mapema zaidi.

Betri ikishajaa, mota haina pa kupeleka umeme, na ile breki ya kwanza inajitoa. Hapo gari huanza kunguruma ingawa mguu hauko kwenye eksileta. Wengi hushtuka wakidhani injini imeharibika. Kumbe kompyuta inaizungusha injini bila kuipa petroli, ili kazi ya kuvuta na kubana hewa imeze ile nguvu iliyozidi. Ni sauti ya gari linalojizuia.

Herufi B kwenye gia imewekwa kwa ajili ya kazi hiyo. Ukiiweka kabla ya mteremko mkali, injini inashiriki kushika tangu mwanzo na pedi zinabaki baridi. Kinyume chake ni nyutro. Dereva anayeachia gia mlimani ili kuokoa mafuta, kwenye haibridi haokoi chochote: akiwa nyutro mota haichaji betri na injini haishiki. Ameziachia pedi mlima mzima.

Na pedi zenyewe ziko katika hali gani? Kwa kuwa zilikaa muda mrefu bila kazi, diski zimeota kutu, na zile pini zinazoiwezesha kalipa kuteleza zimekauka kwa vumbi. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu wa hewa. Aina ya DOT 3 ikiwa mpya inatakiwa isichemke chini ya nyuzi 205, lakini ikishanyonya maji kiwango hicho hushuka hadi 140. Yakichemka yanatoa mapovu, na mapovu hubonyea badala ya kusukuma pedi. Mmiliki aliyejisifu kuwa hajagusa breki tangu anunue gari anaweza kuwa anashuka mlima na mafuta ya miaka kumi.

Fungua mlango, sikiliza

Dalili ya mvua ni mawingu, na wingu la kwanza la haibridi husikika kabla ya kuonekana. Kwenye Prius za matoleo haya, ukifungua mlango wa dereva asubuhi utasikia mvumo wa pampu kutoka mbele, sekunde chache, kisha kimya. Gari linajaza presha likijua unakaribia kukaa. Hiyo ni afya. Baada ya hapo liwashe, kaa bila kugusa pedali, zima redio na feni. Pampu ikirudi kuvuma kila baada ya sekunde chache na hali hujakanyaga chochote, presha inavuja mahali, aghalabu ndani ya mfumo wenyewe ambako hakuna tone litakaloonekana chini ya gari. Hali hiyo inaweza kudumu muda mrefu kabla taa haijawaka.

Tabia hii ya pampu ni hatari pia gereji. Fundi akiwa amefungua kalipa na kutoa pedi, mtu akafungua mlango wa dereva kuchukua simu yake, pampu inaweza kuamka na kuisukuma pistoni nje, vidole vikiwa hapohapo. Fundi anayezijua haibridi huzima mfumo na kuchomoa betri ndogo ya volti 12 kwanza. Na anapotoa upepo kwenye breki hategemei kusukuma pedali peke yake. Anatumia mashine ya kuiamuru pampu na vali zifunguke kwa zamu.

Taa zinasema nini

Taa nyekundu yenye duara na alama ya mshangao ina maana tatu. Huenda breki ya kuegeshea haijaachiwa, huenda mafuta ya breki yamepungua, huenda presha imeanguka. Ukishahakikisha breki ya kuegeshea imeachiwa, mbili zilizobaki ni za kulisimamisha gari.

Taa ya njano ya ABS ikiwaka peke yake, breki za kawaida zipo, lakini gurudumu linaweza kujifunga kwenye utelezi. Njano ya breki inasema kompyuta imeona kasoro kwenye mfumo wa kielektroniki. Pembetatu nyekundu ni mpiga mbiu tu. Inakuambia tazama taa nyingine.

Zikiwaka zote pamoja na king'ora kikalia mfululizo, huenda presha imekwisha. Fundi akiunganisha mashine mara nyingi atakuta kodi za hitilafu kama C1391, ambayo ni presha kuvuja kwenye akumuleta, au C1252, pampu kufanya kazi muda mrefu kupita kiasi. Kuzifuta kodi hizo bila kutengeneza ni kumziba mdomo shahidi.

Hata hivyo si kila taa ya breki ni ugonjwa wa breki. Haibridi ina betri ya pili, ndogo, ya volti 12, ambayo kwenye Prius iko nyuma kwenye buti. Haipigi stata, kazi yake ni kuamsha kompyuta na kulisha vifaa kama pampu ya breki, inayokula umeme mwingi kwa ghafla. Ikichoka, taa huwaka ovyo. Gari likiwa limelala, betri nzima husoma karibu volti 12.6, ikiwa chini ya 12 anza nayo kabla hujanunua kifaa cha bei mbaya.

Kuna na vumbi. Betri kubwa hupozwa na feni inayovuta hewa kutoka ndani ya gari, pembeni mwa kiti cha nyuma. Nguo au mzigo ukiziba tundu hilo, au vumbi likijaa kwenye feni, betri hupata joto na kompyuta hupunguza umeme inaokubali kuupokea. Matokeo yake yanafika hadi kwenye breki: mota inashika kidogo, pedi zinabeba zaidi. Uchafu wa kiti cha nyuma unalipwa mlimani.

Kabla ya Misigiri

Anayenunua haibridi iliyotumika aangalie dashibodi wakati wa kuwasha. Taa za breki na ABS lazima ziwake sekunde chache kisha zizime. Taa isiyowaka kabisa huenda imezibwa na muuzaji. Namba ya chesisi nayo inaweza kuonyesha kama gari liliitwa kiwandani na kama lilitengenezwa.

Na taa ikiwaka katikati ya mteremko? Usizime gari. Achia eksileta, weka B, kanyaga pedali kwa nguvu na uishikilie hapohapo. Ukiipampu kama ulivyofundishwa kwenye magari ya zamani, unamaliza ile presha kidogo iliyobaki. Mfumo ukishindwa, njia ya akiba hubaki, ila pedali huwa ngumu na gari hukawia kushika. Breki ya kuegeshea, ambayo kwenye Prius hizi ni pedali ndogo ya mguu wa kushoto, hushika magurudumu ya nyuma kwa kebo. Itumie kidogokidogo.

Lakini mahali pa kuamua ni juu, si mlimani. Pampu iliyovuma bila sababu asubuhi Singida mjini tayari imetoa taarifa, na huko mafundi wapo. Ukishapita Misigiri, fundi anayefuata yuko chini ya mlima, na utamfikia kwa breki zilezile ulizokuwa na shaka nazo.