Kiwi za Minnesota: hesabu ya miche, nguzo na miaka

Mimi nimekulia Dodoma, kwenye zabibu zinazopogolewa na kuvunwa mara mbili kwa mwaka. Nilipohamia Minnesota na kukutana na nyuzi 30 chini ya sifuri, niliamini habari za kulima zimeishia uwanja wa ndege. Miaka mitatu ua wangu ulikuwa majani ya kufyeka tu. Kisha jirani akanipa kitunda cha kijani, ukubwa wa zabibu, kisicho na manyoya, akaniambia nikitie mdomoni chote na ganda lake. Ilikuwa kiwi, na kwa utamu iliipita mbali ile kubwa ya dukani. Aliichuma uani kwake.

Dukani kiwi hizi ndogo hupatikana kwa wiki chache tu. Kikasha cha gramu 170 nimekinunua kwa takriban dola 5, yaani dola 29 kwa kilo. Kwa bei hiyo mtu yeyote mwenye ua hushawishika kupanda. Kabla hujatoa kadi ya benki, tupige hesabu pamoja.

Kwanza, kiwi gani? Ile yenye manyoya iache, kwa maana baridi yetu huiua shina. Zinazobaki ni mbili, na majina yake ya kisayansi ndiyo utakayoyakuta kwenye vibandiko vya vitalu: Actinidia arguta na Actinidia kolomikta. Arguta ikishakomaa hustahimili hadi karibu nyuzi 32 chini ya sifuri, kolomikta hadi karibu 40. Arguta huzaa sana, kilo 20 na zaidi kwa mche mmoja ukiwa mahali pazuri, na hukomaa Septemba hadi Oktoba. Kolomikta ni mdogo wa umbo, mavuno yake ni machache, lakini huiva Agosti na vitamini C yake huliacha chungwa nyuma kabisa.

Wanunuzi wengi hutazama namba ya baridi kali peke yake. Mwaka 2023 Wizara ya Kilimo ya Marekani ilitoa ramani mpya ya kanda za upandaji, na karibu nusu ya nchi ikasogezwa nusu kanda upande wa joto. Wauza miche walifurahi. Lakini ramani ile hupima usiku wa baridi kuliko zote katika mwaka. Haisemi lolote kuhusu jalidi ya Mei. Machipukizi ya kiwi ni laini kama mchicha, na usiku mmoja wa kuganda baada ya kuchipua unatosha kuondoka na mavuno ya mwaka mzima, hata kama shina lilipita Januari bila kovu. Arguta huhitaji siku kama 150 bila jalidi. Hapa mjini Minneapolis ni kubahatisha; kule Duluth nisingethubutu. Kwa hiyo kama uko kaskazini, au ua wako uko bondeni ambako baridi hutuama, chukua kolomikta, wala usibabaike na picha za vikapu vilivyofurika.

Miche yenyewe nimeiona kati ya dola 20 na 35. Ipo midogo ya bei nafuu zaidi, urefu wa kidole, inayotumwa kwa posta. Mimi siipendi: majira yake mawili ya kwanza ya baridi ni ya kuilea kama mtoto njiti, kuifunga shina na kuirundikia matandazo, na ikifa umelipa posta bure.

Hapa ndipo muuzaji atakapokuletea Issai, aina ya Kijapani ya arguta inayozaa bila dume. Mche mmoja badala ya miwili, nani atakataa? Kwa mtu wa Seattle, sawa. Kwa baridi yetu Issai ni dhaifu kuliko ndugu zake. Ukishaununua mara mbili kwa sababu wa kwanza ulikufa, umelipa bei ya jike na dume.

Maana mikiwi ni kama mipapai: kuna dume na kuna jike, na dume halizai hata ulibembeleze. Dume moja hutosha majike sita hadi manane. Ila liwe la jamii moja na majike yake; kolomikta huchanua mapema kuliko arguta, na dume likichanua baada ya maua ya jike kupukutika halina faida kwa yeyote.

Katika jambo hili nililipa ada ya shule. Nilinunua kolomikta watatu kwa dola 29 kila mmoja, jumla dola 87: majike wawili, dume mmoja, ndivyo vibandiko vilivyosema. Mwaka wa nne wakachanua. Ua la jike lina kichane cha vinyuzi vyeupe kimetawanyika katikati kama miale ya jua. La dume lina vijiti vya chavua peke yake. Nilizunguka na miwani asubuhi nzima. Majike yangu yalikuwa moja. Kitalu kiliniomba radhi kikanipa mche mwingine bure, lakini miaka minne hairudishwi kaunta. Tangu hapo namshauri kila mtu anunue mche uliotokana na kipandikizi cha mama anayejulikana kwa jina, si uliooteshwa kwa mbegu, na kama inawezekana aununue Juni ukiwa umechanua.

Sasa nguzo. Hapa ndipo pesa inapokwenda, na hapa ndipo watu wanapobana. Nguzo tatu za mbao iliyotiwa dawa, futi 10 kila moja, dola 66. Mbao za kuvuka juu, ili chanja liwe na umbo la herufi T, dola 24. Mifuko sita ya saruji, dola 36. Waya mnene wa uzio pamoja na vikazio vyake, dola 58. Chanja dola 184, miche dola 87, jumla dola 271. Mwenzangu mmoja alitumia kimiani chepesi cha waridi cha dola 40. Alipanda arguta, ambayo kwa msimu mmoja yaweza kurefuka futi 20. Mwaka wa tano ililala chini pamoja na kimiani chake. Kolomikta inaweza kuvumilia uzio imara uliopo tayari. Arguta haiwezi, na usiiache iukumbatie mti. Huko Lenox, Massachusetts, arguta zilizopandwa zamani kama mapambo zilihamia msituni zikaifunika miti.

Kolomikta ina gharama nyingine ambayo hakuna kibandiko kinachoitaja: paka. Harufu yake huwalevya. Paka wa mtaa wetu walitafuna miche miwili hadi chini wiki ya kwanza, nikatumia dola 12 zaidi kuizungushia wavu.

Jike moja lililokomaa hunipa kama kilo 3, yaani dola 87 kwa bei ya dukani. Kama majike yangeshika ahadi yakawa mawili, gharama ingerudi kwa mavuno mawili kamili, kuanzia mwaka wa tano au wa sita. Ukitaka faida ya haraka, panda mzabibu. Chuo Kikuu cha Minnesota kilitoa Bluebell tangu 1944, ni zabibu ya kula na ya juisi, haihitaji dume, na kwa kawaida mwaka wa tatu unaonja. Anayepanga nyumba anunue kikasha chake dukani asiumize kichwa.

Kazi? Kupogoa sana mwishoni mwa baridi, kisha mara mbili tatu kiangazi. Mkono uliozoea zabibu za Dodoma hautashtuka. Udongo usituamishe maji, maana mizizi huoza upesi.

Dume langu la ziada sikuling'oa. Jirani yule yule, mama wa Bukavu, dume lake lilikufa, akabaki na majike wawili upande wa pili wa uzio. Nyuki hawajui mpaka. Kila Agosti hunipitishia bakuli juu ya uzio, na tukisalimiana huniita shemeji.