Tulivyopwelewa Katika Vijito vya Rufiji

Watu wengi waendao Kilwa na Lindi huvuka Mto Rufiji juu ya daraja refu lililofunguliwa mwaka 2003. Hutazama maji ya udongo kwa dakika moja, kisha hunena kwamba Rufiji wameuona. Lakini, wasomaji wapenzi, mto ule hauishii pale. Upande wa mashariki hugawanyika mikono mingi, na kila mkono huzaa vijito, na vijito huingiana kama nyuzi za wavu, hata kufika baharini kukabili kisiwa cha Mafia. Humo mna msitu wa mikoko wa hektari zipatazo 50,000, wala hakuna mwingine mkubwa kama huo, ulio mahali pamoja, katika pwani yetu ya Afrika Mashariki. Humo mna vijiji pia, na vingi havina njia ila maji. Huko ndiko tulikokwenda sisi walimu watatu wakati wa likizo, kumpelekea mwalimu mwenzetu sanduku la vitabu vya kusomea.

Tulifika Nyamisati, bandari ya watu waendao Mafia, tukapatana na mzee mmoja mwenye mtumbwi wa kutosha watu sita, naye akaja na mwanawe kijana. Mzee alipoiona mizigo yetu alitazama maji, akasema, “Walimu, tulaleni hapa. Bamvua limekwisha pita, haya ni maji mafu. Kile kijito cha mkato hakitajaa. Kesho tutazunguka kwa mkono mkubwa.”

Sisi tukatazama saa. Ilikuwa saa tano ya mchana, jua zuri, na kwa macho yetu maji yalikuwa tele. Tukamwambia kwamba mwenzetu anatungoja, tena mkato utatufikisha kabla ya usiku. Mzee hakubishana. Alishika upondo wake, akasukuma.

Saa ya kwanza ilikuwa ya furaha tupu. Katika kijito hakuna mawimbi wala kelele. Husikiwa upondo ukigusa tope, na mara moja moja sauti ya furukombe aliaye juu ya mti. Kijana alitufundisha miti, maana sisi tuliiita yote mikoko, kama mtu aitaye wanyama wote ng’ombe. Mkoko wenyewe ndio usimamao juu ya mizizi iliyopinda kama miguu ya kaa, na mbegu yake huota ingali juu ya mti, ikaanguka topeni kama mkuki. Mchu huchomoza mizizi yake juu ya tope kama vidole vya watu waliozikwa. Mkandaa gome lake hutia rangi na kulainisha ngozi. Mkomafi huzaa tunda kama mpira, nao hutoa mbao nzuri. Mlilana hutoa mataruma ya vyombo. Boriti za pwani hii zilichukuliwa kwa majahazi karne nyingi hata Arabuni na Ghuba ya Uajemi, na vyumba vya nyumba za mawe za Lamu ni vyembamba kwa sababu boriti ndiyo iliyopima upana wake.

Hata ilipopata saa saba na nusu, mtumbwi ukagusa chini. Mzee akasukuma mara tatu, kisha akauweka upondo ndani, akajilaza. “Tumepwelewa,” akasema. Maji yakaondoka polepole, mizizi ikabaki mitupu, na kaa wakatoka matunduni mwao kututazama. Katikati ya kijito ukabaki mfereji mdogo, upana wa mkeka, na mtumbwi wetu mzito umelala ndani yake.

Ili kupitisha wakati tulisimuliana habari za manowari ya Wadachi, jina lake Königsberg, ambayo baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza huko Unguja tarehe 20 Septemba 1914 ilikuja kujificha katika mikono hii. Manowari kubwa za Waingereza hazikuweza kuifuata kwa sababu ya uhaba wa maji. Wakaletewa Severn na Mersey, vyombo vifupi wa kina vilivyoundwa kwanza kwa ajili ya mito ya Brazili, navyo ndivyo vilivyoimaliza mwezi wa Julai 1915. Mzee alisikiliza akiwa amefumba macho. Akasema, “Basi nao walijifunza.”

Tulikuwa tungali tukicheka, tukasikia kafi nyuma ya kona. Kilikuja kimtumbwi chembamba, kikisukumwa na maji ya mwisho ya ule mfereji. Ndani yake mlikuwa na baba mmoja, na mama mtu mzima aliyempakata mtoto wa miaka minne hivi. Mtoto alikuwa na homa kali, tena asubuhi alishikwa na degedege. Walikuwa wakienda mkono mkubwa, wapate boti ya injini ya kuwafikisha zahanati. Kimtumbwi chao kilihitaji maji kidogo tu, na maji hayo kidogo yalikuwa yamezibwa na sisi.

Yule baba alitusalimu vizuri, akauliza habari za safari, ndipo akasema, “Mmelala njiani, walimu.” Hakusema kwa hasira, na hilo lilituuma zaidi.

Tukashuka topeni. Tope la mikoko humshika mtu mpaka mapajani, tena humwachilia kwa shida. Tulitoa mizigo, tukaitundika mizizini, sanduku la vitabu kwanza, kisha tukauvuta mtumbwi wetu kando, tukianguka na kuinuka. Ulipotoka, mfereji ulikuwa umekwisha kauka. Basi tukakiinua kimtumbwi chao pamoja na bibi na mtoto wake, tukakichukua kiasi cha hatua mia mbili, hata mahali penye maji. Bibi hakunena neno njia yote. Alishika kichwa cha mtoto kisitikisike. Mwenzetu mmoja aliacha kiatu humo topeni, na mpaka leo kimo humo, jirani na manowari.

Maji yalirudi usiku. Tulifika kijijini saa nne, tumepakwa tope mpaka nyusi, mwenzetu akatucheka, mkewe akatuwekea maji ya kuoga. Hatukujua thamani ya maji yale hata kesho yake, tulipoona jinsi yapatikanavyo. Maji yakipwa, wanawake hupanda mitumbwi na ndoo zao, huenda juu ambako mto husukuma maji matamu, na msichana mmoja huonja kwa kiganja, akitema, akitema, hata aseme, “Hapa.” Ndipo huteka. Wakichelewa, chumvi hurudi.

Tulitembelea mashamba ya mpunga. Kila shamba lina dungu lake, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, na jamaa huhamia humo wakati wa mpunga. Watoto hupiga mabati mchana kufukuza ndege, na baba hukesha usiku kwa sababu ya nguruwe na viboko. Mashamba mengine yamefyekwa ndani ya mikoko, nayo mikoko ni msitu wa serikali tangu zamani za Wadachi. Tulimwuliza mzee mmoja wa shamba kama haogopi. Akajibu, “Mwanangu, nikiufyeka nina kosa, nisipoufyeka nina njaa.” Naye mwenyewe alikiri kwamba baada ya miaka michache magugu huzidi, na kaa huikata miche, akalazimika kufyeka pengine. Sisi twaona msitu ukiisha, samaki na kamba waliao katika mizizi ile wataondoka nao. Lakini hatukuwa na la kumpa badala ya wali wake, tukanyamaza.

Alituuliza naye swali. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa Desemba 2022: je, mto utaendelea kuwa na nguvu ya kuirudisha chumvi baharini? Maana mpunga wao hunywa maji yale yale aonjayo msichana. Nasi twawauliza walimu wasomao habari hii walio karibu na bwawa, waliangalie jambo hili, maana wa chini hawaoni yafanyikayo juu.

Siku ya pili yule baba alikuja kututafuta. Mtoto amepata dawa, homa imeshuka, yuko zahanati na bibi yake. Alituletea kaa watano wamefungwa kwa ukindu. Tulijaribu kukataa, mzee wetu wa mtumbwi akatukanyaga mguu, tukapokea.

Usiku wa tatu, saa saba za usiku, tulisikia hodi mlangoni. “Walimu, maji.” Hakuna aliyetazama saa. Tuliinuka tukakunja mablanketi gizani, hata yule wa kiatu kimoja.