Malenga wa kike wa Uajemi (2): Kitunguu saumu kinapokisuta kitunguu maji

Juma lililopita tuliishia kwa Shaaban Robert, aliyetuletea Omar Khayyam kwa Kiswahili mwaka 1952, akipitia Kiingereza cha Edward FitzGerald cha mwaka 1859. Khayyam akazoeleka kwetu. Baada yake wakasikika Saadi, Hafez na Rumi, wanaume watupu, na msomaji anayeanza leo anaweza kudhani Uajemi wanawake hawakutunga kitu. Walitunga, kwa miaka elfu na zaidi: Rabia wa Balkh alikuwapo karne ya 10.

Dada mmoja anayeuza viungo Mtaa wa Mkunguni, Kariakoo, alisoma sehemu ile ya kwanza. Ushairi kwake ulikuwa ule wa darasani, wa kuhesabu mizani na kutaja vina ili upate alama, na tangu amalize shule hakuugusa tena. “Shikamoo mwalimu,” akaniambia, “hao Waajemi wako nitawaweza? Si mambo ya mvinyo na mahaba tu?” Nikamwambia aanze na Parvin Etesami.

Parvin alizaliwa Tabriz mwaka 1907. Baba yake, Yusuf, alikuwa mwandishi na mfasiri, na ndiye aliyemlea katika vitabu. Diwani yake ilitoka mwaka 1935. Mwaka 1941 homa ya matumbo ikamuua akiwa na umri wa miaka 34 tu. Tungo zake nyingi ni majibizano, na wanaojibizana si wafalme wala majemedari. Ni vitu vya jikoni. Katika utungo mmoja kitunguu saumu kinakicheka kitunguu maji kwa kunuka, na kitunguu maji kinajibu kwamba mwenzake anaona aibu za watu, zake hazioni. Kwingine dengu na haragwe wanatupiana maneno kabla ya kutumbukia chungu kimoja.

Nilimsimulia yule dada kisa cha vitunguu akiwa anapima bizari. Akacheka hadi mizani ikatikisika. “Huyo mama alishawahi kushuka sokoni Shimoni?”

Ameshashuka, kwa namna yake. Anayekulia Kariakoo ameshalelewa na majibizano ya aina hii bila kuyaita fasihi. Vijembe vya taarabu ni hayo. Khanga zinazoning’inia madukani Mtaa wa Uhuru ni hayo: mke mwenza anasutwa kwa mstari mmoja wa pindo, na hakuna aliyetajwa jina. Asiyewahi kusoma diwani hata moja anaijua kazi ya fumbo, kwa hiyo si mgeni kabisa mlangoni kwa Parvin. Wapo waliodai, alipokuwa hai, kwamba tungo nzito kama zile lazima ziwe za mwanamume. Aliwajibu kwa shairi.

Nenda sasa nyuma hadi Shiraz ya karne ya 14. Jahan Malek Khatun alikuwa binti wa ukoo wa kifalme, akiishi mji mmoja na Hafez. Diwani yake ya ghazali ndiyo kubwa kuliko zote tulizoachiwa na wanawake wa Uajemi wa kale. Ameitangulizia dibaji ya kuomba radhi, akieleza kwamba haoni fahari kwa mwanamke kutunga, ila amewakuta wenzake wa hadhi waliofanya hivyo kabla yake. Mwana Kupona wa Siu, alipomwandikia binti yake utenzi mwaka 1858, hakuomba radhi ya namna hiyo. Aliagiza wino na karatasi akaanza wasia wake. Nadhani sababu ni hadhira. Mama akimuusia mwanawe hahitaji kibali cha mtu, lakini mwanamke anayetaja mapenzi mbele ya baraza la wanaume lazima ajihami.

Tafsiri za Kiingereza zinampunja Jahan jambo moja. Kiajemi, kama Kiswahili, hakibagui mume na mke pale unapomsema mtu. Mpenzi wa kwenye ghazali hajulikani ni nani, na kutojulikana huko ni sehemu ya utamu. Mwingereza hana budi kuamua, na akishaamua fumbo limefumbuka. Sisi tungeweza kuliacha kama lilivyo.

Forugh Farrokhzad ni mgumu zaidi, nawaonya mapema. Alizaliwa Tehran mwaka 1934, akaolewa akiwa na miaka 16, akaachika, na mtoto akabaki kwa baba. Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1955 na kuzua kelele, kwa sababu aliandika tamaa ya mwanamke kwa sauti yake mwenyewe. Mwaka 1964 akatoa diwani iliyovunja kanuni za urari, miaka kumi kabla ya Kichomi cha Euphrase Kezilahabi kuwakasirisha wanamapokeo wetu. Ajali ya gari ilimuua Februari 1967, akiwa na miaka 32. Anayetaka vina asimwendee Forugh kwanza. Amwendee Simin Behbahani (1927–2014), aliyebaki ndani ya ghazali lakini akaiingizia mizani mpya na maneno ya mtaani. Kwa ladha yangu, Simin ndiye angeelewana upesi zaidi na malenga wa Tanga na Mombasa.

Kwa sasa njia rahisi ni Kiingereza. Dick Davis amekusanya wanawake zaidi ya 80 katika The Mirror of My Heart, kilichotoka mwaka 2019, na Sholeh Wolpé alitoa tafsiri za Forugh mwaka 2007. Anayeanza asijaribu kumaliza kitabu. Achague shairi moja, alitafute kwa wafasiri wawili, azisome tafsiri zote mbili kwa sauti. Pale wanapotofautiana ndipo penye jambo.

Lakini kupitia London kila mara, kama alivyolazimika Shaaban Robert, si lazima tena. Wapo Watanzania waliosoma Qum, wanaokijua Kiajemi moja kwa moja, na Parvin amezikwa katika mji huohuo. Nawaomba wao: tupeni Parvin kwa Kiswahili, walau majibizano kumi tu. Kariakoo yatasomwa.

(Itaendelea)