Mshipa wa Moyo Unapochanika Wenyewe

Masuala yanayotufikia kutoka Mangapwani, Unguja, yamezidi kuwa ya namna moja: yawezekanaje mwanamke asiyetimia miaka hamsini, asiyevuta sigara wala kuugua sukari, ashikwe ghafla na maumivu ya kifua, kisha aambiwe kuwa ni shambulio la moyo? Mtaani jawabu huwa tayari: husda, au jini, au chango kwa aliyejifungua karibuni. Jawabu la utabibu ni jingine, nalo liliandikwa mwaka 1931, pale tabibu Harold Pretty wa Uingereza alipoeleza habari za marehemu wa miaka 42, mwanamke, ambaye mshipa unaolisha moyo wake ulichanika kwa ndani.

Ukuta wa mshipa huo una matabaka matatu. Damu hupenya baina yake, ama kwa kuwa utando wa ndani umechanika, ama kwa kuwa vijishipa vinavyolisha ukuta wenyewe vimevuja, ikajikusanya humo ikausukuma utando kwa ndani, mfano wa chokaa ya nyumba ya Mji Mkongwe inavyotuna maji yakishaingia nyuma yake, hata njia ikabanwa na msuli wa moyo ukakosa riziki yake. Hapo mafuta hayakuziba kitu. Mshipa umebanwa na ukuta wake wenyewe. Takriban wagonjwa tisa katika kumi ni wanawake, aghalabu wazazi wa karibuni, au waliopatwa na huzuni kuu, au waliofanya kazi nzito kupita kiasi.

Ndiyo maana siwezi kuwastahimili wauzao chupa za kitunguu thaumu na ndimu za "kusafisha mishipa". Wasafishe nini, ilhali hapana uchafu? Chupa hiyo humchelewesha mgonjwa katika saa zile zile ambazo msuli wa moyo wake unakufa. Dua haikatazwi, na isomwe garini, gari likishika njia ya Mjini kwenda hospitali.

Hata matabibu wahitaji hadhari hapa. Kibomba kinachotumiwa kupanua mshipa ulioziba kwa mafuta chaweza, katika mshipa uliochanika, kuisukuma damu ya ukutani mbele zaidi na kuurefusha mchaniko. Kwa hiyo, maadamu damu yapita na mgonjwa ametulia, mara nyingi ukuta huachwa upone wenyewe kwa wiki kadhaa, naye akiangaliwa na kupewa dawa za kupunguza nguvu ya mapigo. Kibomba au upasuaji ni wa yule ambaye damu imekatika au maumivu hayakomi. Picha ya mishipa ya moyo hupigwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, walakini kipimo cha umeme wa moyo hakingoji boti ya kuvukia huko.

Basi maumivu ya kifua yashukayo mkononi au yapandayo tayani, pamoja na jasho la baridi, yasilazwe hadi asubuhi. Na aliyejifungua karibuni aitaje siku aliyojifungua kwa tabibu kabla ya kupewa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, kwani yaweza kuizidisha ile iliyomo ukutani.