Kwa nini Ducati ilizikimbia springi, na kwa nini imezirudia

Injini inapozunguka mara 10,000 kwa dakika, kila valvu hufunguka na kufungika mara 5,000 katika dakika hiyo hiyo, yaani zaidi ya mara 80 kwa sekunde. Kuifungua si kazi: nundu ya kemshafti huikandamiza, nayo hushuka. Kazi iko katika kuifunga. Karibu injini zote duniani, za bodaboda na za lori, zimeiachia springi ya chuma jukumu hilo, na springi ina kikomo chake. Kasi ikizidi, nundu huwa imeshapita kabla springi haijairudisha valvu kitini. Valvu huelea. Pistoni inayopanda haisubiri. Ikiikuta njiani huipinda au kuikata, na hapo injini imekwisha.

Dawa ya haraka ni kuweka springi ngumu zaidi. Lakini springi ngumu husaga nundu na kuongeza msuguano, na katika miaka ya 1950 chuma chenyewe hakikuwa cha kuaminika: springi za injini za mashindano zilichoka na kukatika. Hilo ndilo tatizo alilolikuta mhandisi Fabio Taglioni alipojiunga na Ducati mwaka 1954, katika kiwanda cha Borgo Panigale, Bologna. Jibu lake lilikuwa kuinyang'anya springi kazi hiyo. Kama chuma kinaifungua valvu, basi chuma kiifunge pia.

Wazo hilo hakulibuni yeye. Mwaka huo huo wa 1954, Mercedes-Benz walikuwa nalo ndani ya gari lao la Formula One, W196. Alichofanya Taglioni ni kulifanikisha katika injini ndogo ya silinda moja, ya cc 125. Aliweka kemshafti tatu kichwani: mbili za pembeni za kufungua, na moja ya katikati ya kuzifunga valvu zote mbili. Mwaka 1956, huko Hedemora nchini Sweden, Gianni Degli Antoni aliipanda pikipiki yenye injini hiyo na kushinda katika mashindano yake ya kwanza. Wiki chache baadaye Degli Antoni alifariki akiwa mazoezini Monza.

Tazama mfumo huu, uitwao desmo, unavyofanya kazi, maana ndipo uzuri wake na gharama yake vinapokaa pamoja. Kila valvu ina roka mbili. Ya kwanza huisukuma chini kama kawaida. Ya pili ina umbo la uma. Hukamata shina la valvu chini ya kola ndogo na kuivuta juu, ikifuata nundu yake yenyewe. Nundu hizo mbili zimechongwa kwa kulingana: moja inapoachia, nyingine inashika. Kwa hiyo valvu haina nafasi ya kuelea, hata injini ikizidishwa kasi kwa bahati mbaya dereva anaposhusha gia mapema mno.

Sasa gharama. Injini ya kawaida ina nafasi moja ya kupima kwa kila valvu, ile ambayo mafundi wetu huirekebisha wanaposeti tapeti. Desmo ina mbili: ya kufungua na ya kufunga, na zote ni sehemu ndogo sana za milimita. Ducati yenye silinda mbili na valvu nne kwa kila silinda inadai vipimo 16, na kila kisichokuwa sawa hurekebishwa kwa kubadilisha kisahani cha unene maalumu. Saa za fundi zinahesabiwa, na mwenye pikipiki anazilipia.

Desmo iliingia kwenye pikipiki za barabarani mwaka 1968. Miaka minne baadaye Paul Smart na Bruno Spaggiari walichukua nafasi ya kwanza na ya pili katika mbio za Imola wakiwa na Ducati za cc 750 zenye silinda mbili zilizoachana kwa nyuzi 90, na tangu siku hiyo ilikuwa vigumu kuitaja Ducati bila kuitaja desmo.

Injini iliyouhitaji mfumo huu kuliko zote, kwa maoni yangu, ni Superquadro ya pikipiki ya Ducati Panigale 1199. Kipenyo cha silinda ni milimita 112, mwendo wa pistoni ni 60.8 tu. Wahandisi walipanua silinda na kufupisha safari ya pistoni kwa sababu mbili: pistoni yenye safari fupi huvumilia kasi kubwa, na silinda pana hupata nafasi ya valvu kubwa. Valvu ya kuingiza hewa ina kipenyo cha milimita 46.8. Valvu kubwa ni valvu nzito, na kurudisha uzito huo kitini katika mizunguko 10,750 kwa dakika, ambapo injini hutoa nguvu farasi 195, ni kazi ngumu mno kwa springi. Hapo desmo inalipa kila shilingi ya matengenezo yake.

Linganisha na Multistrada V4 iliyotangazwa mwaka 2020. Injini yake, Granturismo, ina cc 1158 zilizogawanywa katika silinda nne, na hutoa farasi 170 katika mizunguko 10,500. Kasi ni karibu ile ile. Lakini silinda zikiwa nne, kila valvu ni ndogo na nyepesi, na chuma cha springi cha leo si kile cha Taglioni. Ducati ikaiondoa desmo. Ukaguzi wa valvu, uliokuwa wa kila kilomita 24,000 kwenye Panigale 1199, ukasogea hadi kilomita 60,000.

Wapenzi wengi wa Ducati walilia kwamba kiwanda kimeuza roho yake. Mimi siafiki. Taglioni hakuitengeneza desmo ili iwe nembo. Aliitengeneza kwa sababu springi zilikuwa zikikatika. Anayesafiri na mizigo na abiria kutoka Bologna hadi Sicilia anahitaji injini isiyodai kufunguliwa kichwa mara kwa mara, na waliomwondolea mzigo huo wametumia hesabu ile ile ya Taglioni kwa chuma cha zama zao. Injini mpya ya V2 ya cc 890, iliyotangazwa mwaka 2024, nayo ina springi, huku silinda zake zikibaki katika nyuzi zile zile 90.

Desmo yenyewe haijafa. Imebaki kwenye Panigale V4, na kwenye Desmosedici ya MotoGP, ambayo iliwapa ubingwa Casey Stoner mwaka 2007 na Francesco Bagnaia mwaka 2022 na 2023. Katika kasi za mashindano hayo wapinzani nao wameziacha springi za chuma, ila wao wanazirudisha valvu kitini kwa hewa iliyobanwa.