Mnyapara Angali Hai: Asili ya Unyanyasaji Mahali pa Kazi

Mfanyakazi aliyepunjwa mshahara anaweza kuonyesha karatasi. Mfanyakazi anayetukanwa kila siku mbele ya wenzake hana karatasi ya kuonyesha. Ndiyo maana unyanyasaji mahali pa kazi hujadiliwa kwa nadra katika madarasa yetu ya siasa, ingawa kila mtu aliyewahi kufanya kazi ya kuajiriwa anaujua.

Jambo linalotupa taabu zaidi ni hili: mara nyingi anayenyanyasa si mwenye mali. Ni msimamizi wa zamu, karani, au mfanyakazi mwenzetu aliyetangulia kuajiriwa. Naye pia anaishi kwa jasho lake. Kwa nini basi mfanyakazi amnyanyase mfanyakazi mwenzake?

Majibu ya haraka ni mengi. Wengine husema ni roho mbaya, wengine hutaja kabila la mtu, wengine huwalaumu vijana wa siku hizi. Majibu hayo hayatoshi, kwa sababu hayaelezi kwa nini mtu yule yule aliye mpole nyumbani huwa mkali kupita kiasi kazini. Asili ya unyanyasaji haina budi kutafutwa katika utaratibu wa kazi wenyewe: nani ameshika riziki ya nani, na aliyeonewa anakwenda kusemea wapi.

Maana yake

Kwanza tutenganishe nidhamu na unyanyasaji. Kumwonya mtu aliyechelewa au aliyeharibu mali ni wajibu wa kiongozi wa kazi. Unyanyasaji ni kutumia nguvu aliyonayo mtu, ya cheo, ya ujuzi au ya wingi wa kundi, kumdhalilisha au kumtesa mwingine kwa namna ambayo kazi yenyewe haiihitaji. Huweza kuwa matusi, kutengwa, kupewa kazi isiyowezekana, kunyimwa kazi makusudi, au kuingiliwa mambo ya nyumbani.

Mara nyingi mnyanyasaji hujitetea kwa kusema, “Nilikuwa natania tu.” Lakini sisi tunaujua utani. Katika utani wa kweli kila upande una haki ya kujibu. Anayetaniwa leo hutania kesho, na hakuna anayepoteza chakula kwa jibu lake. Mahali ambapo mmoja husema na mwingine hulazimika kucheka, hapo hapana utani.

Urithi wa mnyapara

Chini ya ukoloni, mfanyakazi wa Tanganyika alitawaliwa na sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1923. Katika mashamba alifanya kazi kwa kipande: kadi ya siku 30 za kazi, na mshahara ulilipwa baada ya siku hizo kutimia. Siku haikuhesabiwa kwa jua kuchomoza na kuzama. Ilihesabiwa pale tu kazi ya siku hiyo ilipokubaliwa kuwa imekamilika.

Aliyeisimamia kazi hiyo kila siku alikuwa mnyapara. Huyu alikuwa Mwafrika, maskini, na aliyetukanwa na bwana shamba kama wengine. Lakini neno lake moja liliweza kuifuta siku nzima ya jasho la mwenzake. Matusi aliyoyapokea kutoka juu aliyateremsha chini. Alifanya hivyo kwa sababu cheo chake kilidumu kwa kumridhisha aliye juu, wala hakuulizwa lolote na walio chini.

Hapa tunapata sababu ya kwanza: mamlaka juu ya riziki ya mwingine yasiyotolewa hesabu. Mkoloni aliondoka mwaka 1961, lakini utaratibu huo haukuondoka naye.

Riziki ya siku moja

Tuangalie pwani ya Ziwa letu. Sangara aliingizwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 viwanda vya minofu vikaanza kujengwa Mwanza kwa ajili ya soko la nje. Soko hilo liko mbali nasi. Mwaka 1999 Ulaya ilipozuia samaki wa Ziwa kwa hofu ya sumu, kazi iliyumba huku Mwanza. Samaki wakipungua ziwani, hali ni hiyo hiyo. Mwenye kiwanda hujikinga na hasara kwa kuajiri vibarua: siku yenye samaki wengi wanaitwa wengi, siku ya samaki wachache wengine wanarudishwa nyumbani.

Tuchukue mfano wa mama anayekata minofu kwa kibarua. Alfajiri yuko langoni pamoja na wengine wengi. Msimamizi ndiye anayeonyesha kidole: wewe, wewe na wewe. Kidole hicho ndicho mkataba wake wa kazi. Akitukanwa atajibu nini? Akitakiwa kimwili atamweleza nani? Rushwa ya ngono ni kosa kwa sheria ya kupambana na rushwa ya mwaka 2007, lakini ushahidi unahitaji mtu atakayethubutu kusema, na atakayesema kesho hatachaguliwa.

Na wenzake je? Wanaona, wananyamaza, na pengine wanacheka pamoja na msimamizi, kwa kuwa nafasi yake ikipatikana mmoja wao ataipata. Hiyo ndiyo sababu ya pili: ushindani wa riziki huwageuza wanyonge kuwa mashahidi bubu, na baadhi yao kuwa wasaidizi wa mwonevu.

Ziwani mnyororo ni huo huo. Wakala humkopesha tajiri wa mtumbwi nyavu, barafu na mafuta. Tajiri hudaiwa, naye humbana nahodha. Nahodha humbana baharia, ambaye hupata mgao wake baada ya gharama kukatwa. Kila mmoja huhamishia hofu yake kwa aliye chini yake.

Fundisho la Japani

Huenda mtu akasema kwamba haya ni matokeo ya umaskini tu, na kwamba tukitajirika yataisha. Tuitazame Japani, nchi tajiri yenye viwanda vikubwa na nidhamu inayosifiwa. Huko unyanyasaji wa wakubwa kazini ulienea hata ukapewa jina lake, pawahara. Mwaka 2019 bunge lao lilipitisha sheria ya kuwataka waajiri wauzuie. Ilianza kutumika kwa makampuni makubwa Juni 2020, na kwa madogo Aprili 2022.

Kibarua wa Mwanza hufungwa na wingi wa watu walioko langoni. Katika makampuni makubwa ya Japani mfanyakazi alifungwa na kinyume chake: alitarajiwa kubaki katika kampuni moja hadi kustaafu, na cheo na mshahara vilipanda kwa miaka ya utumishi. Kuhama kulimaanisha kupoteza alichokijenga. Aliyetangulia alikuwa mkubwa wake kwa miaka mingi, na kwenda kinyume na kundi lilikuwa kosa kubwa. Basi mmoja anaweza kuondolewa wakati wowote, na mwingine haondoki kwa urahisi, lakini wote wawili hawana njia ya kukataa. Kwa hiyo kuongezeka kwa mali peke yake hakumalizi uonevu.

Mwongozo na mipaka yake

Taifa letu lilikwisha kulitambua tatizo hili. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, katika kifungu cha 15, ulimkataza kiongozi majivuno, dharau na ukandamizaji. Wafanyakazi waliusoma wakauchukua kuwa wao. Kati ya mwaka 1971 na 1973 migomo ilitokea viwandani, na mingi haikuhusu mishahara bali matusi na ubabe wa mameneja. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walifika hatua ya kukitwaa kiwanda.

Lakini mwisho wa migomo hiyo haukuwa mmoja. Katika baadhi ya viwanda waliogoma walifukuzwa kazi. Mwongozo ulimpa mfanyakazi maneno ya kusema, haukumpa mahali salama pa kuyasemea. Mabaraza ya wafanyakazi yaliyoanzishwa mwaka 1970 yalikuwa ya ushauri tu, na katibu mkuu wa NUTA aliteuliwa na Rais. Aliyeonewa alipeleka shauri lake kwa watu waliofungamana na uongozi ule ule. Hiyo ndiyo sababu ya tatu, na tusiione aibu kuitaja: kukosekana kwa chombo cha wafanyakazi kinachosimama kwa miguu yake.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilisogeza mambo mbele. Inakataza bughudha inayotokana na kabila, jinsia, dini, ujauzito na misingi mingine iliyotajwa. Inatambua pia kwamba mtu aliyeacha kazi kwa sababu mwajiri ameifanya isivumilike ni kama ameachishwa. Lakini bosi anayemtukana kila mtu bila kuchagua kabila wala jinsia hakuguswa waziwazi na kifungu hicho. Tena, ilipotungwa, sheria hiyo iliweka kinga dhidi ya kuachishwa isivyo haki kwa aliyefanya kazi miezi sita au zaidi. Kibarua wa langoni hubaki nje. Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2019, ni mpana zaidi: unamlinda mfanyakazi bila kujali aina ya mkataba wake.

Wajibu wa kada

Tangu vyama vingi viliporudi mwaka 1992, matawi ya Chama mahali pa kazi yaliondolewa. Kada hana tena kiti kiwandani, isipokuwa kama mfanyakazi kati ya wafanyakazi. Hata hivyo kazi anayo.

Kwanza, aulize ni nani anayechagua watu langoni, na ashawishi orodha ya zamu itumike badala ya kidole. Pili, awahimize wenzake kujiunga na chama cha wafanyakazi na kuchagua wawakilishi wasiokuwa wasimamizi. Tatu, awafundishe kuandika: tarehe, maneno yaliyosemwa, waliokuwepo. Nne, awakumbushe kwamba shauri la kuachishwa kazi hufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Wengi hupoteza haki kwa kungoja huruma. Tano, na hili ni gumu kuliko yote, yeye mwenyewe akipewa usimamizi, akubali kuhojiwa na walio chini yake.

Kumhubiria msimamizi awe na moyo mwema si vibaya, lakini mkali akiondolewa na utaratibu ukabaki, atakayefuata atajifunza ukali huo huo. Mnyapara atakufa siku ambayo kibarua wa langoni ataweza kusema “hapana” leo, na kesho akaingia kazini.