Ukuta wa matope ya mgodi unapotikiswa na tetemeko la nchi

Siku ya Jumapili, tarehe 28 Machi 1965, tetemeko la nchi lilipiga katikati ya Chile. Huko El Cobre, kuta za udongo zilizozuia matope ya mgodi wa shaba zilibomoka. Matope yalitiririka kilometa 12 hivi kwa dakika chache, yakafunika kijiji. Watu zaidi ya 200 walikufa.

Ndugu wasomaji, mabwawa ya namna hii yako pia kwetu, Haut-Katanga na Lualaba. Wakiisha kusaga mawe na kutoa shaba, unga unaobaki humwagwa pamoja na maji nyuma ya ukuta. Na nchi yetu nayo hutikisika: Desemba 2005, tetemeko la ukubwa wa 6,8 katika Ziwa Tanganyika liliangusha nyumba huko Kalemie.

Basi wataalamu hupima nini? Kwanza, mtikisiko wenyewe. Aliyepanda juu ya mizigo ya lori hurushwa kuliko dereva. Ukuta ni hivyo: kilele chake mara nyingi hutikisika kuliko chini. Kwa hiyo huweka vipimo viwili au zaidi vinavyoitwa akselerometa, kimoja kwenye msingi, kingine kileleni, kisha hulinganisha. Kila ukuta una mwendo wake wa kuyumba. Tetemeko likiufuata mwendo huo, ukuta huyumba zaidi. Mwendo huo unaweza kujulikana hata siku isiyo na tetemeko, kwa kupima mitikisiko midogo ya upepo na magari.

Pili, maji. Kanyaga-kanyaga mchanga uliolowa kando ya ziwa: unalegea, maji yanapanda juu. Matope ya mgodi yakitikiswa hufanya vilevile, yakageuka uji. Piezometa hupima msukumo wa maji ndani ya ukuta.

Kazi haiishi tetemeko likitulia. Huko Mochikoshi, Japani, Januari 1978, ukuta mmoja ulibomoka mara baada ya tetemeko. Mwingine ulianguka karibu saa 24 baadaye, wakati nchi imekwisha tulia.

Baada ya El Cobre, Chile ilikataza mwaka 1970 kuinua kuta juu ya matope yaliyokwisha kumwagwa. Sisi tunaoishi chini ya kuta hizo tuna haki ya kuuliza: vipimo viko? Nani anavisoma? Na usiku wa hatari, nani atatuamsha?